Shija

Kadi ilifika imeviringwa kanga kuukuu
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kwa meli ya asubuhi kutoka Nansio.
Bituro, mjukuu wa karani, aliipangusa kwa kiwiko
akaiweka mezani pangu, Mabatini,
katikati ya simba wa saruji
wanaosubiri geti la tajiri wa Capri Point.
"Lugembe, nitolee hiki. Thelathini."

Picha mbili kwenye kadi moja,
kahawia kama chai iliyolala:
kushoto sanamu, kulia sanamu ileile,
mtu wa mti ameketi, mikono magotini,
kitovu kimetokeza kama kifungo cha koti.
Yeye mwenyewe aliondoka ndani ya sanduku la misumari
kabla babu yangu hajaota meno.

Na kifaa chake: ubao, mpini, vioo viwili.
Misoji, mwanafunzi wangu, akakitia usoni,
akaruka nyuma, akakanyaga ndoo.
"Fundi! Goti linanijia!"
Bituro akatazama, akacheka kama aliyetekenywa.
Wateja wa duka la rangi wakapanga foleni,
kila mmoja akipapasa hewa mbele ya pua yake.
Nami nikatazama.
Nikaona karatasi.

Jicho langu la kushoto lilikwenda na chokaa
tulipomwaga nguzo za ukumbi kule Nyakato.
Jicho moja halina wa kubishana naye.
Lolote likionacho, limepitishwa.

Kwetu Usukumani pacha wana majina yao tayari.
Nikamwita wa kushoto Kulwa, wa kulia Doto.
Wanafanana, mpaka uwapime.
Nikatoa kalipa, ile ya mabomba,
taa ya simu nikaining'iniza kwenye msumari:
pua, kutoka kwa Kulwa hadi kwa Doto, imehama milimita tatu.
Goti, nne na nusu.
Sikio, mbili kasoro kidogo.
Kumbe umbali ni ugomvi mdogo wa ndugu wawili
juu ya mahali goti lilipokaa.

Usiku kucha tuliandika ugomvi wao
nyuma ya risiti za saruji;
Misoji akisoma, nami nikikandika udongo wa Igombe.
"Ongeza kidole. Hapana, ukucha. Hapo."
Alfajiri korongo walipoanza kugombea utumbo wa sangara
alikuwa ameketi mezani, mbichi, anatiririka maji,
mikono magotini.

Ila mgongo.
Aliyepiga picha hakuzunguka.
Na mji huu wa mawe hauna siri katika hilo:
kila jiwe lina upande wa ziwa,
na upande unaojulikana na mbuzi peke yao.
"Weka mgongo wowote," akasema Bituro, "watu wataegemeza ukutani."
Ningeweza. Migongo naijua,
nimebeba mifuko nikiwa nyuma ya wengi.
Nikachukua waya, nikakata wima, bapa kama mlango,
ili atakayemgeuza ajue
habari tuliyopewa iliishia wapi.

Kisha kalibu, kisha plasta,
mmoja baada ya mwingine, bado wana joto,
wakianikwa juu ya bati kama mihogo.
Bituro alinuna kwa ajili ya mgongo,
akakata elfu ishirini kwenye hesabu,
akapakia ishirini na tisa.
Wa thelathini alikuwa na povu kitovuni, tundu la punje ya mtama.
Akabaki.

Misoji akauliza tumwite nani.
Nikamwambia: anayezaliwa nyuma ya pacha
haulizwi jina.

Jana umeme ulikatika tukiwa tunachanganya.
Nilinyoosha mkono gizani kutafuta kiberiti,
na goti lake, baridi, mbele kidogo ya nilipolitarajia,
likanijia.